Basi la Jinja kwenye barabara ya Mwanza

Kiwanda cha magari kilicho karibu zaidi na Mwanza hakiko Kibaha wala Dar es Salaam. Kiko Jinja, ng'ambo ya Ziwa Victoria, pale maji yanapoliacha ziwa na kuwa Mto Nile. Ukipima moja kwa moja juu ya maji kutoka Kirumba kwenda kaskazini unapata kama kilomita 330. Kwenda Kibaha kwa barabara ni zaidi ya 1,000. Kampuni yenyewe ni Kiira Motors, mali ya Serikali ya Uganda na Chuo Kikuu cha Makerere, na kinachoundwa pale ni mabasi ya umeme.

Huku kwetu wanaoijua ni wachache. Mtu wa Mwanza akitaka gari hawazi Jinja, wala hawazi Kibaha. Anawaza Japani. Anashika simu, anapekua picha mpaka usiku wa manane, anatazama kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi ya gari lililopigwa picha Yokohama au Nagoya, kisha anampigia wakala wa forodha aliyeko Dar es Salaam amkadirie ushuru. Asipoagiza, anakwenda yadi au kwa dalali, akaambiwe maneno ambayo kila mnunuzi wa gari Tanzania ameshayasikia: injini haijafunguliwa, rangi haijaguswa, mwenye gari anauza kwa sababu ana shida ya haraka tu.

Kwa hiyo anayetaka kuunda magari Afrika Mashariki asidhani anashindana na gari jipya. Anashindana na Toyota IST ya mwaka 2005.

Ni mpinzani mgumu kuliko anavyoonekana. Ndani ya IST nyingi kuna injini ambayo mafundi wanaiita 1NZ, ya cc 1,500. Injini hiyohiyo imo kwenye Raum, imo kwenye Probox, imo kwenye Spacio, Fielder na Allion za injini ndogo. Fundi wa Mabatini aliyejifunza kuifungua kwenye gari moja ameshazijua sita. Pampu ya maji iliyochomolewa kwenye Probox iliyogongwa Usagara inaingia kwenye IST ya mwalimu wa Butimba bila kubishana na boliti hata moja. Duka la spea lenye rafu chache linahudumia nusu ya mtaa, na ukitaka kitu cha bei ndogo kipo cha Kichina, ukitaka cha uhakika kipo kilichotolewa kwenye gari bovu. Gari likifa Ngudu au Magu, halivutwi kupelekwa mjini. Spea inapakiwa kwenye basi asubuhi na mchana fundi wa hukohuko amemaliza. Toyota haikulipia hata shilingi moja kuujenga mtandao huu. Umejengwa na mafundi, madalali na wenye maduka kwa muda wa miaka 30, na sasa unamfanyia kazi bure mtengenezaji aliyekwisha kuacha kulitengeneza gari lenyewe.

Serikali imejaribu kulibana gari kuukuu kwa kodi. Chukua gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10, injini kati ya cc 1,000 na 2,000, ambalo kwa hesabu za TRA thamani yake likifika bandarini ni Sh milioni 10. Kwa viwango ambavyo vimekuwepo kwa miaka kadhaa, ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 2.5. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 unaongeza Sh 625,000. Ushuru wa uchakavu, asilimia 30, unakuja na milioni 3.75. Juu ya yote hayo inapigwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, ambayo ni zaidi kidogo ya milioni 3. Jumla inakaribia thamani ya gari lenyewe, na bado hatujataja tozo ya reli, gharama za bandari, ujira wa wakala na mafuta ya kulitoa Dar es Salaam mpaka Igoma. Kenya ilichukua njia nyingine: gari lililozidi miaka 8 haliingii. Uganda tangu 2018 imeyafungia mlango yaliyozidi miaka 15. Sisi tumechagua kutoza badala ya kukataa, na mnunuzi amechagua kulipa.

Ukiiangalia kodi hiyo kwa jicho la mwenye kiwanda, inaonekana kama mlango. Chini ya Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, vipande vya gari vinavyoletwa kuunganishwa havilipi ile asilimia 25. Ndiyo maana Kenya ina viwanda vya kuunganisha tangu miaka ya 1970, Nairobi, Thika na Mombasa, na ndiyo maana pale Kibaha malori ya FAW ya China yanaunganishwa na kampuni ya GF. Lakini tazama wanachounganisha: malori, mabasi, pikapu. Gari dogo la familia hawaligusi sana. Wamelisoma soko.

Waliolijaribu gari dogo wana simulizi za kufundisha. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, hata likiwa baya la sura na zito la mwendo. Yakaundwa matano ya majaribio, yakaitwa Nyayo Pioneer, na mwaka 1990 yakazinduliwa kwa shangwe huko Kasarani. Yalikimbia. Wahandisi walifanya kazi yao. Kilichokosekana ni fedha za kujenga kiwanda cha kuyatoa kwa maelfu, na zaidi ya hapo, mtu aliyekuwa amesema atanunua. Miaka ishirini baadaye akaja Joel Jackson, Mwingereza aliyeona barabara mbovu za vijijini Kenya, akaanzisha Mobius Motors. Wazo lake lilikuwa zuri: gari gumu, jepesi la mitambo, lisilo na mapambo, la mtu wa barabara ya vumbi. Tatizo ni kwamba mtu wa barabara ya vumbi alipopata fedha za Mobius, kwa fedha hizohizo alipata Prado au Land Cruiser iliyotumika, yenye jina, yenye spea kila kona, na itakayouzika tena. Agosti 2024 kampuni ilitangaza kufilisika kutokana na madeni na kodi, kabla ya mwekezaji mwingine kujitokeza kuichukua.

Neno kuuzika tena lina uzito kuliko wataalamu wengi wa viwanda wanavyodhani. Kwa Mtanzania wa kipato cha kati gari ni akiba. Mtoto akifaulu, baba akilazwa Bugando, gari linauzwa kwa siku tatu. IST inauzika kwa siku tatu. Gari la chapa mpya, hata likiwa zuri namna gani, halina dalali anayejua bei yake. Ndiyo maana nasema wazi: kwa gari dogo la abiria, kiwanda cha kwetu hakina nafasi kwa miaka mingi ijayo, na kiongozi yeyote anayeahidi gari la taifa la watu wanne anaahidi sherehe ya uzinduzi.

Tanzania yenyewe tumeonja mambo haya mapema kuliko vijana wanavyodhani. Kibaha palikuwa na TAMCO, kiwanda kilichounganisha malori ya Scania enzi za mashirika ya umma. Palepale Kibaha, chini ya Wizara ya Ulinzi, likaanzishwa mwaka 1985 shirika ambalo kila mtu analiita Nyumbu, la kubuni na kuunda magari kwa akili ya Kitanzania. Nyumbu liliunda malori yake, na lipo mpaka leo. Arusha tulikuwa na General Tyre, kiwanda cha matairi kilichofunguliwa 1971, ambacho matairi yake yalikanyaga barabara za nchi nzima hadi kilipozimika miaka ya 2000. Machi 2022 mchora katuni Masoud Kipanya aliwashangaza wengi alipozindua gari dogo la umeme la kubebea mizigo lililoundwa Dar es Salaam. Ubunifu upo, na haujawahi kukosekana. Scania za TAMCO hazikufa kwa kukosa mafundi wa kuziunganisha; mashirika yaliyozinunua yaliishiwa fedha za kigeni, na yalipoishiwa, kiwanda kilikosa vipande vya kuunganisha na kikakosa mnunuzi kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo inapofaa kuwatazama Wahindi. Hawako mbali nasi; pikipiki iliyokupeleka kazini Jumatatu huenda ni Boxer au TVS, na ile ya magurudumu matatu inayopanda Isamilo na abiria wanne (sheria inasema watatu) imetoka kwao. India leo ni moja ya masoko makubwa ya magari duniani, yenye vita vikali vya bei, na kampuni za wenyeji zimo katikati ya vita hivyo zikiwa hai. Si tangu jadi. Kwa miongo mingi Serikali ya India ililinda viwanda vyake kwa ushuru mzito na vibali, na matunda yake yalikuwa Ambassador ya Hindustan Motors, gari lililotokana na Morris Oxford ya Uingereza, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea kutengenezwa, umbo karibu lilelile, mpaka 2014. Kukosa mshindani kulizaa gari lisilobadilika.

Mambo yaligeuka na Maruti. Serikali iliiunda kampuni hiyo mwaka 1981, ikamkaribisha Suzuki wa Japani kama mbia, na Desemba 1983 gari la kwanza likatoka kiwandani Gurgaon. Lilikuwa gari la Suzuki, hakuna aliyejifanya vingine. Werevu ulikuwa kwenye masharti: vipuri vihamie India hatua kwa hatua. Watengeneza bampa, viti, nyaya na breki wakajengwa kuzunguka kiwanda, na kundi hilo la viwanda vidogo ndilo lililokuja kuwalisha hata washindani wa Maruti.

Tata naye alichukua njia ndefu zaidi. Alianza kuunda malori na Daimler-Benz mwaka 1954, na gari lake la abiria alilolibuni mwenyewe, Indica, likaja 1998. Miaka 44 ya malori kabla ya gari dogo! Mahindra nao walianza na jipu. Wateja wa kwanza wa kampuni hizi hawakuwa watu wa kutafuta gari la kupendeza macho. Walikuwa wasafirishaji, wakulima, jeshi na idara za serikali, watu wanaopiga hesabu ya mafuta, mzigo na siku za kukaa gereji. Na Tata alipojisahau akatafuta sifa ya gari la bei ndogo kuliko yote duniani, Nano, lililoonyeshwa 2008, alipata funzo chungu: mnunuzi wa kipato cha chini hataki gari linalotangaza hali yake kwa majirani. Nano liliachwa 2018. Katika soko hilohilo General Motors waliacha kuuza magari 2017, na Ford wakatangaza kufunga uzalishaji 2021. Wenyeji walibaki kwa sababu walikuwa na malori ya kuwashikilia wakati magari madogo yalipowatia hasara.

Turudi ziwani, maana sisi wa kanda hii tuna ushahidi wetu ambao hatuutaji inavyostahili. Ziwa Victoria limejua biashara ya kuunganisha vyombo tangu mkoloni alete meli vipande vipande kwa reli mpaka Kisumu. MV Victoria, iliyoanza kazi 1961 na ambayo imewapeleka Bukoba wazazi wetu na sisi wenyewe, iliundwa Uskoti, ikafunguliwa, ikasafirishwa, ikaunganishwa upya Kisumu. Kizazi hicho hakikuunda meli. Kiliunganisha.

Leo nenda Ilemela ukatazame karakana ya Songoro. Kampuni hii ya Kitanzania inaunda vivuko. MV Mwanza, kilichovusha watu na malori kati ya Kigongo na Busisi kabla ya daraja la kilomita 3 kufunguliwa Juni 2025, kilitoka mikononi mwao. Baada ya MV Nyerere kupinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 200, kivuko kilichokuja kuhudumia Ukara kiliundwa na Songoro, hapahapa Mwanza. Injini zinatoka nje, na vyuma vingi vinatoka nje. Lakini michoro inasomwa hapa, chuma kinakatwa hapa, na kivuko kikipata hitilafu aliyekichomelea anaishi umbali wa nauli ya daladala. Wakati huohuo pale Bandari ya Mwanza Kusini mamia ya vijana walishika kazi kwenye meli kubwa ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, iliyojengwa na kampuni za Korea Kusini pamoja na Suma JKT. Wako wachomeleaji Mwanza leo wenye ustadi ambao haukuwepo mwaka 2015.

Songoro hakufika hapo kwa kuwauzia wavuvi mitumbwi. Mafundi wa Kayenze na Igombe wanaunda mitumbwi ya mbao kwa bei ambayo hakuna kampuni itaigusa. Alifika hapo kwa sababu Serikali iliagiza kivuko cha kwanza, kikafanya kazi, ikaagiza cha pili. Mteja mmoja mkubwa, anayerudi.

Nikitazama Kiira kwa kipimo hicho, naona wamekosea mengi na wamepatia jambo moja kubwa. Safari yao ilianza 2007, walimu na wanafunzi wa Makerere walipoingia kwenye mradi wa kimataifa wa kubuni gari ulioongozwa na chuo cha MIT cha Marekani. Novemba 2011 wakaendesha Kiira EV, kigari cha umeme cha watu wawili. Mwaka 2014 wakaonyesha Smack, gari la watu watano linalotumia umeme na petroli. Kwa miaka hiyo walikuwa wanaifuata njia ya Pioneer bila kujua, au wakijua. Kisha Februari 2016 wakatoa Kayoola, basi la viti 35 lenye paneli za jua juu ya paa. Paneli hizo zilikuwa za kufurahisha picha zaidi kuliko kusukuma basi, lakini uamuzi wa kuliacha gari dogo na kushika basi ulikuwa wa watu wazima. Kilichofuata ni Kayoola EVS, basi la jiji lenye urefu wa mita 12 na sakafu ya chini, la abiria 90, linalokwenda kilomita 300 kwa chaji moja. Ya kwanza yaliundwa Nakasongola kwenye kiwanda cha jeshi kwa msaada wa teknolojia ya kampuni ya CHTC ya China, huku kiwanda chenyewe kikijengwa Jinja kwenye ardhi ya ekari 100, kazi iliyopewa shirika la jeshi la NEC kuanzia 2019. Kampala hazijakoma kelele za kuhoji fedha za umma zilizomiminwa pale kwa mabasi machache yaliyoonekana barabarani. Ni kelele za haki. Mtu aliyeanza 2007 angekuwa amefika mbali zaidi.

Sasa lilete basi hilo Mwanza, kwa mawazo tu. Njia kuu ya mji wetu imejipanga kama ukanda mmoja: Buhongwa, Mkolani, Nyegezi, Butimba, Mkuyuni, Igogo, mjini, Kirumba, Pasiansi, Uwanja wa Ndege. Kilomita 20 na ushei, ziwa upande mmoja na majabali upande mwingine, hakuna pa kutanua barabara bila kupasua mwamba. Inahudumiwa na Hiace zinazobeba watu waliojikunja. Basi la kilomita 300 kwa chaji lingekwenda na kurudi njia hiyo si chini ya mara tano kwa siku, na usiku lingelala kwenye chaja. Umeme? Nchi imepata megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere. Na anayeona ajabu kutumia kitu cha Uganda akumbuke kwamba Mkoa wa Kagera uliwasha taa kwa umeme wa Uganda kwa miaka mingi, na kwamba mageti ya bwawa la Jinja ndiyo yanayosaidia kuamua maji yapande kiasi gani mwaloni Kirumba. Hata kulifikisha basi lenyewe si kazi: MV Umoja, meli ya mabehewa, ina njia yake ya Port Bell na Mwanza Kusini.

Tatizo ni nani atalinunua. Mwenye Hiace hawezi. Biashara yake inaendeshwa kwa hesabu ya kila jioni: dereva na konda wanamletea kiasi walichopatana, kinachozidi ni chao. Hiace ilinunuliwa ikiwa imetumika, kwa akiba au mkopo mfupi, na nauli anayopangiwa na LATRA haina nafasi ya riba ya basi jipya la mamia ya mamilioni. Kenya kampuni ya BasiGo imelizunguka tatizo hili kwa kumuuzia mwenye matatu basi bila betri, kisha kumtoza kwa kila kilomita anayotembea. Mabasi yao ni ya vifaa vya China yaliyounganishwa Kenya, na tayari wameingia Kigali. Huyo ndiye mshindani halisi wa Jinja kwenye mwambao huu. Kiira ikija na basi zuri bila mpango wa malipo itamkuta BasiGo, au Mchina mwenyewe, ameshaketi.

Kuna kikwazo kingine cha makaratasi. Bidhaa ya Uganda inaingia Tanzania bila ushuru wa forodha ikithibitika ni ya Afrika Mashariki. Basi ambalo betri yake, mota yake na fremu yake vimetoka China, likaja Jinja kupakwa rangi na kufungwa viti, litakuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha uzawa wake mbele ya ofisa wa Mutukula au Sirari. Hapa Kiira inapaswa kusoma ukurasa wa Maruti: viti, vioo, waya na mabodi vitoke kwa wazalishaji wa ukanda huu. Na kwa nini vyote vitoke Uganda? Mwanza ina watu wanaounda bodi za malori ya Fuso, masanduku ya kubebea samaki wa viwandani, na sasa wachomeleaji wa meli. Arusha kuna Hanspaul, wanaorefusha na kujengea bodi Land Cruiser za watalii kwa kiwango kinachoheshimika. Basi la Jinja lenye bodi iliyochomelewa Nyakato lingekuwa na wenyewe pande mbili za ziwa.

Upande wetu jukumu ni jepesi zaidi, ndiyo maana linaudhi likiachwa. Halmashauri ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela zinazungumzia usafiri wa umma wa kisasa kila bajeti. Migodi ya Geita inasafirisha wafanyakazi kila alfajiri. Hao ndio wateja wakubwa wanaorudi, na wanaponunua wanaandika zabuni. Kinachoandikwa humo kwa kawaida ni idadi ya viti, nguvu ya injini na bei. Hakiandikwi kile ambacho mnunuzi wa IST anakiuliza kwanza kabisa: spea ziko wapi, na nani anajua kulitengeneza?

Basi ombi langu kwa wanaoandaa zabuni hizo ni moja. Wekeni sharti kwamba muuzaji yeyote wa basi, awe wa Jinja, wa Nairobi, wa India au wa China, afungue ghala la spea na karakana ndani ya Mwanza, afundishe mafundi kupitia VETA kabla basi la kwanza halijashushwa, na sehemu ya bodi iundwe kanda ya ziwa. Kiira ikilitimiza, wapeni kazi. Ikishindwa, mpeni mwingine atakayelitimiza, na Waganda wasinung'unike.